Daftari la Anwani Linapohamia Kwenye Seva

Kwa miaka mingi barua iliyotumwa Sengerema haikupelekwa mlangoni kwa mtu. Ilipelekwa katika sanduku la posta, na mwenye ufunguo alikwenda kuichukua. Shule ikihamia jengo jipya, S.L.P. yake haikubadilika. Mkuu wa shule akistaafu, ufunguo ulikabidhiwa kwa aliyeshika nafasi yake. Utaratibu huo una hekima ambayo aghalabu haitambuliwi: mahali pa kupokelea barua pametengwa na nyumba, tena pametengwa na mtu anayeshika kazi kwa wakati huo.

Barua pepe ilipoenea nchini ilifuata hekima hiyo hiyo. Sanduku la barua pepe halimo ndani ya kompyuta ya mpokeaji. Limo ndani ya seva, yaani kompyuta iliyowekwa mahali maalumu ili izihudumie kompyuta nyingine mchana na usiku. Lakini kuna kitu kimoja ambacho katika ofisi nyingi kilibaki nyuma, nacho ni daftari la anwani: orodha ya majina, anwani na namba za simu za watu wote ambao ofisi huwasiliana nao. Orodha hiyo ilikaa, na katika ofisi nyingi ingali inakaa, ndani ya diski ya kompyuta moja tu iliyo juu ya meza moja. Makala haya yanaeleza kwa nini mambo yalikuwa hivyo, hatari yake ni ipi, na jinsi daftari hilo linavyoweza kuhamishiwa kwenye seva bila kupoteza hata jina moja.

SENGEREMA NA BARUA PEPE

Mji wa Sengerema uko upande wa magharibi wa Ghuba ya Mwanza. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mji huu ulipata kituo cha mawasiliano cha jamii, ambacho Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) ilikuwa miongoni mwa walioshiriki kukianzisha. Kilikuwa mojawapo ya vituo vya majaribio vilivyopata msaada wa mashirika ya kimataifa ya UNESCO, ITU na IDRC, sawa na vile vya Nakaseke nchini Uganda na Timbuktu nchini Mali. Shabaha yake ilikuwa kuona kama simu, kompyuta na intaneti vyaweza kuwafaa watu walio mbali na miji mikuu.

Kituo cha namna hiyo hutumiwa na watu wa kila aina: mwalimu, mkulima wa pamba, mfanyabiashara wa samaki, mzazi mwenye mtoto chuoni. Mashine moja hutumiwa na wengi, na mara nyingine hata anwani moja ya barua pepe hutumiwa na ukoo mzima au na parokia nzima. Jambo hili dogo yafaa likumbukwe, kwa maana litarejea hapa chini.

Ichukuliwe mfano wa shule ya sekondari ya kubuni, iliyoko mahali fulani wilayani humo. Ofisi yake ilianza kutumia barua pepe zama za kiungo cha setilaiti. Mwaka hadi mwaka karani aliandika majina katika programu ya barua pepe: wazazi, wanafunzi waliomaliza, walimu waliohama, wahisani waliosaidia kujenga maabara, shule rafiki, wauzaji wa kemikali na vifaa. Leo daftari hilo lina majina 2,000. Hakuna mtu ajuaye majina hayo yote kwa kichwa, wala hakuna karatasi iliyoyaandika yote.

KWA NINI DAFTARI LILIKAA MEZANI

Mwanafunzi aweza kuuliza: ikiwa seva ilikuwapo, mbona daftari halikuwekwa huko tangu mwanzo? Sehemu kubwa ya jibu inapatikana katika fizikia ya kidato cha pili.

Setilaiti ya mawasiliano inayoonekana kusimama mahali pamoja angani huwa juu ya ikweta, kwa kimo cha kilomita 35,786. Mawimbi ya redio husafiri kwa mwendo wa nuru, yaani kilomita 300,000 hivi kwa sekunde. Swali linalotoka Sengerema hupanda hadi kwenye setilaiti, kisha hushuka hadi kituo cha pili. Safari hiyo haipungui kilomita 72,000 hivi. Basi muda wake ni:

72,000 ÷ 300,000 = sekunde 0.24

Jibu nalo lapita njia hiyo hiyo likirudi. Jumla ni sekunde 0.48, kabla seva yenyewe haijafanya kazi yoyote. Kwa barua moja, nusu sekunde si kitu. Lakini karani anapotafuta jina, programu hulitafuta katika daftari kila anapopiga herufi moja. Kama kila herufi ingengoja nusu sekunde, na kama kiungo chenyewe kilikatika mara kwa mara na kililipiwa fedha nyingi, kazi isingekwenda. Kwa hiyo kuliweka daftari ndani ya kompyuta ya mezani kulikuwa uamuzi wa busara kwa wakati ule.

Hali imebadilika. Mwezi Julai 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ulianza kufanya kazi Dar es Salaam, na katika miaka iliyofuata Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano uliendelea kutandazwa hadi mikoani. Ndani ya uzi wa kioo nuru husafiri kwa kilomita 200,000 hivi kwa sekunde. Kwa mkongo wenye urefu wa kilomita 1,200, ambao ni makadirio ya umbali wa kutoka ufuo wa ziwa hadi pwani, safari ya kwenda huchukua sekunde 0.006, na ya kwenda na kurudi sekunde 0.012. Muda huo ni sehemu moja ya 40 ya ule wa setilaiti. Sababu kubwa iliyolifunga daftari mezani imepungua nguvu, ila mazoea yamebaki.

HATARI YA DAFTARI LA MASHINE MOJA

Eneo la Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu za dunia zenye radi nyingi. Usiku, upepo wa nchi kavu kutoka pande zote huelekea ziwani, ambako maji yangali na joto. Hewa yenye unyevu hupanda na kufanya mawingu mazito ya mvua na radi. Radi ikipiga karibu na waya wa umeme, nguvu ya ghafla hupita katika waya na yaweza kuunguza kompyuta isiyo na kinga. Tena diski yenyewe ni kifaa kinachochakaa. Vumbi, joto, umeme unaokatika na kurudi, na wizi pia, vyote ni adui zake.

Mashine ikifa, shule hununua nyingine. Majina 2,000 hayanunuliwi dukani. Mhisani aliyejenga maabara hataandikiwa kwamba paa limevuja, kwa sababu hakuna anayekumbuka anwani yake. Mwanafunzi aliyemaliza, ambaye leo ni daktari na angeweza kuja kuzungumza na wadogo zake, hapatikani tena. Uhusiano uliojengwa kwa miaka 20 huweza kukatika kwa pigo moja la radi, wala hakuna atakayejua siku ile ni nani hasa waliopotea.

Hatari ya pili haina kelele. Karani akihamishwa, daftari hubaki katika mashine ambayo yeye peke yake aliijua. Mkuu wa shule huwa na namba zake katika simu yake, mhasibu zake, mwalimu wa taaluma zake. Mzazi akibadili namba, mmoja husahihisha, watatu hawana habari. Shule huwa na madaftari manne, na hakuna lililo sahihi lote.

GANDA NA KIINI

Ili daftari lihame, hapana budi kwanza kutofautisha kiini chake na ganda lake. Kiini ni habari zenyewe: jina hili, anwani hii, namba hii. Ganda ni faili ambamo programu imezihifadhi habari hizo kwa namna yake yenyewe.

Programu ya Outlook Express, iliyokuja pamoja na mfumo wa Windows hadi toleo la XP, ilihifadhi daftari katika faili lenye mkia wa .wab. Windows XP yenyewe iliacha kuhudumiwa na watengenezaji wake tarehe 8 Aprili 2014. Programu ya Thunderbird ilitumia faili lenye mkia wa .mab, kwa muundo uitwao Mork, mpaka ilipougeuza mwaka 2020. Mtu akilinakili faili kama hilo na kulipeleka penye programu nyingine, ni kama kumpelekea mgeni kasha lililofungwa bila ufunguo. Kasha limefika salama, lakini kilichomo hakisomeki.

Kwa hiyo kiini hutolewa katika ganda na kuandikwa kwa muundo ulio wazi, yaani ambao kanuni zake zimechapishwa na programu yoyote yaweza kuzifuata. Miundo inayotumiwa zaidi ni mitatu.

Wa kwanza ni CSV, ambamo kila mtu ana mstari wake, na habari zake hutengwa kwa alama ya mkato. Ni rahisi, lakini hauna makubaliano juu ya majina ya safu: programu moja huweka jina la ukoo kwanza, nyingine huliweka mwisho.

Wa pili ni LDIF, uliowekewa kanuni mwaka 2000, hasa kwa ajili ya seva za orodha za watu.

Wa tatu ni vCard, ambao toleo lake la 4.0 lilitolewa Agosti 2011. Hapa kila mtu ana kadi yake. Kadi huanza kwa mstari wa BEGIN:VCARD na kuishia kwa END:VCARD. Kati ya mistari hiyo miwili huwa na mistari yenye lebo: FN kwa jina kamili, EMAIL kwa anwani ya barua pepe, TEL kwa simu, na UID kwa namba ya utambulisho ambayo hakuna kadi nyingine iliyo nayo. Lebo hizo ndizo zinazoifanya kadi ieleweke popote iendako.

Si kila kitu huvuka. Shule yaweza kuwa na kikundi kiitwacho “Wazazi wa Kidato cha Nne”, ili barua moja iwafikie wote. Toleo la 4.0 la vCard lina namna ya kuandika kikundi, CSV haina. Anayehamisha kwa CSV atakuta majina yote yamefika, lakini vikundi vimetoweka. Ni heri kulijua hilo kabla ya safari.

MZIGO SI MZITO

Wengi hudhani kwamba kazi ngumu ni kuupitisha mzigo kwenye mtandao. Hesabu ndogo yaonyesha sivyo. Ikichukuliwa kwamba kila kadi ina baiti 300, kadi 2,000 ni baiti 600,000. Kila baiti ina biti 8, basi mzigo wote ni biti 4,800,000. Hata modemu ya zamani ya simu, yenye kasi ya biti 33,600 kwa sekunde, ingeupeleka kwa:

4,800,000 ÷ 33,600 = sekunde 143 hivi

yaani chini ya dakika mbili na nusu. Picha moja ya simu ya leo aghalabu ni nzito kuliko daftari lote la shule.

Lakini namna ya kupeleka ina maana yake. Kama kadi hizo zingepelekwa moja moja kwa setilaiti, na kila moja ingojee jibu la seva kabla ya nyingine kuondoka, muda wa kungojea peke yake ungekuwa 2,000 × 0.48, ambao ni sekunde 960, sawa na dakika 16. Zikifungwa pamoja katika faili moja, kungojea ni mara moja tu. Mvuvi mwenye samaki wengi hawapeleki mwaloni mmoja mmoja.

KUSAFISHA KABLA YA KUHAMA

Kazi ngumu ni maana. Kompyuta huona alama, haioni watu. Mifano minne kutoka katika mazingira ya Sengerema yatosha kulionyesha jambo hili.

Wa kwanza ni herufi ya king'ong'o. Jina la Kisukuma kama Ng'washi lina alama ya ritifaa. Mwandishi mmoja hutumia ritifaa iliyonyooka ('), mwingine programu yake humwekea iliyopinda (’), na kuna ya tatu (ʼ) ambayo imekusudiwa kuwa sehemu ya neno. Kwa jicho la mtu alama hizo ni kitu kimoja. Katika usimbaji wa UTF-8, uliobuniwa mwaka 1992, ya kwanza huchukua baiti 1, ya pili baiti 3, na ya tatu baiti 2. Kwa hiyo mashine huhesabu watu watatu. Mabaya zaidi hutokea iwapo faili lililoandikwa kwa UTF-8 litasomwa kwa kanuni za zamani za Windows: jina hugeuka na kuwa Ngâ€™washi. Dawa ni kuchagua ritifaa moja kwa daftari zima, na kuhakikisha kwamba faili limeandikwa na kusomwa kwa UTF-8.

Wa pili ni sifuri ya mwanzo. Namba ya simu ya mezani ya mkoa wa Mwanza huanza na 028. Faili la CSV likifunguliwa katika programu ya majedwali, programu huweza kudhani kwamba namba ya simu ni kiasi, na kwa kuwa sifuri iliyo mbele ya kiasi haina thamani, huifuta. Dawa ni kuandika namba zote kwa muundo wa kimataifa, +255 28 na kuendelea, na kuitaja safu hiyo kuwa ya maandishi.

Wa tatu ni alama ya mkato. Anwani kama “S.L.P. 000, Sengerema” ina mkato ndani yake. Katika CSV mkato ndio mpaka wa safu, basi Sengerema huhamia safu ya simu, na simu huhamia pengine. Dawa ni kuifunga anwani ndani ya alama za kunukuu, kama kanuni zinavyotaka.

Wa nne ni watu wanaofanana. Programu nyingi huunganisha kadi zenye anwani moja ya barua pepe, zikidhani ni za mtu mmoja. Lakini kama ilivyotajwa, anwani moja yaweza kuwa ya familia nzima. Kuunganisha bila kutazama huweza kuwafuta watoto watatu na kumwacha baba yao. Kwa upande mwingine, wanafunzi wawili tofauti wanaweza kuitwa Masanja, tena kwa jina lile lile la baba. Kwa sababu hiyo uamuzi wa kuunganisha kadi huachiwa mtu awajuaye watu hao. Mashine ioneshe zinazofanana, karani aamue.

KIVUKO NA DARAJA

Baada ya kusafisha, kadi hupelekwa kwenye seva. Hapa yafaa kutofautisha njia mbili.

Kwa miaka mingi magari yaliyovuka Ghuba ya Mwanza kati ya Kigongo na Busisi yalitegemea kivuko. Mzigo ulipakiwa, ukavushwa, ukashushwa, kisha kivuko kikarudi. Tarehe 19 Juni 2025 lilifunguliwa Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3 hivi, na tangu hapo magari hupita saa yoyote, kwenda na kurudi.

Kutoa faili katika programu moja na kuliingiza katika nyingine ni kivuko. Huvusha mzigo mara moja. Kesho yake karani akisahihisha namba katika kompyuta ya mezani, masahihisho hayo hayafiki kwenye seva. Daraja ni itifaki, yaani makubaliano ya mazungumzo kati ya kompyuta na seva, ambayo hudumu siku zote.

Itifaki ya LDAP ilianza katika Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, na kanuni zake za kwanza zilichapishwa mwaka 1993. Imefaa sana katika vyuo na mashirika makubwa, mahali ambapo wengi husoma orodha na wachache huiandika. Itifaki ya CardDAV, iliyowekewa kanuni Agosti 2011 pamoja na vCard 4.0, iliundwa kwa ajili ya daftari ambalo watumiaji wenyewe hulisoma na kuliandika. Simu na programu nyingi za leo zaifahamu. Thunderbird, kwa mfano, imeipokea tangu toleo la 91 la mwaka 2021.

Katika mpango huu kompyuta ya mezani haiachi kuwa na daftari. Huendelea kuwa na nakala yake, ili kiungo kikikatika kazi isisimame. Kilichobadilika ni hadhi. Zamani asili ilikuwa mezani. Sasa asili iko kwenye seva, na zilizo mezani na mifukoni ni nakala. Hilo ndilo jambo kuu katika uhamisho wote. Daftari likiwa na asili mbili halijahama, limepasuka.

Je, watu wawili wakisahihisha kadi moja kwa wakati mmoja? Kila kadi katika seva ina alama ya toleo. Ikichukuliwa kwamba karani na mwalimu wa taaluma wote wamesoma toleo la 7 la kadi ya mzazi fulani. Karani anabadili simu. Seva inakubali, na kadi inakuwa toleo la 8. Mwalimu naye anabadili anwani, na programu yake yasema: “nabadili toleo la 7.” Seva inakataa, kwa kuwa toleo la 7 limekwisha kupita. Hapo programu husoma toleo la 8, huongeza badiliko la mwalimu, na kupeleka upya. Bila kanuni hiyo, masahihisho ya karani yangefutwa kimyakimya na yale ya mwalimu.

HATUA ZA KAZI

Kwa shule au ofisi inayokusudia kuhamisha daftari lake, mpangilio ufuatao ni salama:

1. Tangaza siku ya kusimamisha masahihisho, ili daftari lisibadilike wakati linahamishwa.
2. Nakili faili la asili jinsi lilivyo, uliweke katika diski nyingine isiyoguswa.
3. Hesabu majina na vikundi, uandike hesabu hiyo kwenye karatasi.
4. Toa kadi kwa muundo wa vCard, na kama hauwezekani, kwa CSV.
5. Safisha: ritifaa, sifuri, mikato na kadi zinazofanana.
6. Jaribu kwa kadi 10 tu, zikiwemo zenye majina magumu zaidi.
7. Peleka zote, kisha hesabu tena upande wa seva. Hesabu zisipolingana, simama na utafute sababu.
8. Unganisha kompyuta na simu zote zinazohusika na seva.
9. Ondoa daftari la zamani katika programu, ili asiwepo mtu atakayeendelea kuliandika kwa mazoea.

Hatua ya tisa ndiyo inayosahauliwa zaidi, na ndiyo inayozaa asili mbili.

SEVA SI GHALA LA AKIBA

Kuna kosa linalotokana na imani kubwa mno juu ya seva. Mtu hudhani kwamba, kwa kuwa daftari liko kwenye seva na katika simu tano, lina nakala sita. Sivyo. Ulandanishaji hueneza kila badiliko, na kufuta nako ni badiliko. Mwalimu akifuta kikundi kizima kwa bahati mbaya katika simu yake, seva hutii, na baada ya muda mfupi kikundi hicho hutoweka katika simu zote. Nakala ya akiba ni ile isiyofuata mabadiliko. Kwa hiyo kila mwezi daftari litolewe katika faili la vCard, liandikwe tarehe, na lihifadhiwe katika kifaa kisichounganishwa na mtandao. Kwa daftari la baiti 600,000, nakala za miaka 10, zikiwa 120, ni baiti milioni 72 tu, nazo huenea katika kifaa kidogo kuliko kidole.

DHAMANA YA MAJINA YA WATU

Jambo la mwisho si la ufundi. Majina yaliyo katika daftari la shule si mali ya karani, wala si mali ya kompyuta. Ni habari za watu, ambao wengi wao hawajui hata kwamba wameandikwa humo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka habari hizo zikusanywe kwa kusudi halali, ziwe sahihi, na zilindwe. Sheria hiyo pia imeweka masharti juu ya kuzipeleka nje ya nchi.

Daftari likiwa mezani, mwizi alihitaji kuvunja mlango. Likiwa kwenye seva, aweza kujaribu kutoka popote duniani. Kwa hiyo mawasiliano na seva yapite kwa usimbaji fiche, kila mtumiaji awe na nywila yake mwenyewe, na si nywila moja ya ofisi iliyobandikwa ukutani. Asiyehitaji kuandika apewe ruhusa ya kusoma tu. Anayeacha kazi afungiwe siku hiyo hiyo, kama vile ufunguo wa sanduku la posta unavyorudishwa. Na kabla ya kuchagua seva, uongozi wa shule uulize iko nchi gani, nani anaisimamia, na kama daftari laweza kutolewa huko kwa muundo ulio wazi siku shule itakapotaka kuhama tena. Seva isiyoruhusu kutoka haina tofauti na lile kasha lisilo na ufunguo.

ZOEZI LA DARASANI

Somo hili laweza kufanywa hata katika shule isiyo na kompyuta. Mwalimu awagawie wanafunzi kadi 20 za karatasi, kila moja ikiwa na jina, anwani na simu za kubuni. Baadhi ziandikwe Ng'washi kwa ritifaa mbalimbali, baadhi zikose sifuri, na mbili ziwe za watu wawili wenye anwani moja. Kundi la kwanza lizinakili katika jedwali moja ubaoni. Kundi la pili litafute makosa. Kisha wanafunzi wawili wachukue kadi moja, wasahihishe kila mmoja kwake bila kuonana, na darasa liamue ni sahihisho lipi litakalosimama na kwa kanuni gani. Darasa litakapomaliza kubishana, litakuwa limekwisha kuuona kwa macho ugumu wa kazi ya seva.

Mwishowe mwalimu aulize swali moja: katika shule hii, kompyuta ya ofisi ikiungua usiku wa leo, ni watu wangapi ambao hatutaweza tena kuwaandikia? Kama hakuna ajuaye jibu, hapo ndipo pa kuanzia kazi.